Mjusi-Chui na Wafugaji Wake

Historia ya ufugaji ni ndefu kuliko historia ya maandishi. Mbuzi, kondoo na ng'ombe walikwisha kuuzoea mkono wa binadamu maelfu ya miaka kabla mtu yeyote hajachora herufi ya kwanza. Kwa sababu hiyo hatumjui aliyemfunga mbuzi wa kwanza kamba, wala hatujui alimtazama kwa jicho gani: la njaa, la huruma, au la biashara. Tunayo mifupa iliyofukuliwa ardhini, na mifupa haisemi yote.

Lakini yuko mnyama mmoja mdogo ambaye historia ya kufugwa kwake twaweza kuisoma tangu ukurasa wa kwanza, kwa maana karibu yote imetendeka katika muda wa maisha ya mtu mmoja. Ni mjusi wa Bara la Asia, mwenye madoa kama chui, nasi katika insha hii tutamwita mjusi-chui. Hatoi maziwa, hana sufu, halindi nyumba, wala wafugaji wake hawamli. Hufugwa apate kutazamwa tu. Huenda msomaji akauliza, je, kuna faida gani kusoma habari za kiumbe kama huyo? Faida yake ni hii: katika historia yake fupi twaona waziwazi jambo ambalo katika historia ya mbuzi limefunikwa na wakati, yaani jinsi mwanadamu anavyomgeuza mnyama akisha kumtwaa, na deni analojitia kwa kumgeuza.

Kwanza na tumjue mnyama mwenyewe. Sisi wa Afrika Mashariki twamfahamu vema mjusi wa ukutani, yule ambaye watu wa pwani humwita mjusi kafiri. Usiku hupanda ukuta na kutembea darini kichwa chini miguu juu, akiwinda mbu na nondo karibu na taa. Nyayo zake zina vikunjo vyembamba vyenye vinyweleo visivyoonekana kwa macho, navyo ndivyo vinavyomshikiza. Hana kope za kufumba, bali huyasafisha macho yake kwa kuyalamba. Mjusi-chui ni jamaa yake, lakini nyayo zake hazina vikunjo vile, kwa hiyo ukuta laini humshinda. Yeye hutembea chini, kwa vidole vyembamba vyenye kucha. Tena anazo kope halisi, hufumba macho na kuyafumbua kama afanyavyo paka.

Mjusi-chui mzima hufikia urefu wa sentimita 20 hata 25, ukihesabu na mkia. Mkia huo ndio ghala yake. Ni mnene, na wakati wa chakula tele huweka mafuta ndani yake yapate kumfaa siku za ukame. Akishikwa na adui huuacha, nao hubaki ukirukaruka mahali pale huku mwenyewe akiponyoka. Baadaye huota mkia mwingine, ingawa haupati tena umbo la ule wa kwanza.

Afrika nayo haikukosa ndugu zake. Katika nchi kavu za Kenya, Somalia, Ethiopia na Tanzania yuko mjusi mdogo wa usiku mwenye kope za namna ile ile, ambaye wataalamu humwita Holodactylus africanus. Watu wengi huishi karibu naye miaka mingi wasimwone, kwa kuwa mchana hujificha ardhini.

Makao ya asili ya mjusi-chui ni Afghanistan, Pakistan na sehemu za kaskazini-magharibi mwa India. Ni nchi ya majabali, changarawe na nyasi chache, yenye joto kali wakati wa kiangazi na baridi kali wakati wa kipupwe. Mchana hulala chini ya mawe. Jua likichwa hutoka kuwinda panzi, mende, buibui na hata nge. Wapo watu wengi wa huko ambao tangu zamani wamemwogopa, wakiamini kwamba ana sumu ya kuua. Kwa kweli hana sumu hata kidogo. Mwanafunzi wa Kenya asiwacheke upesi, kwa maana hata kwetu wako watu wazima wanaokimbia wakimwona kinyonga, naye hana silaha yoyote isipokuwa ulimi.

Aliyemwandika mjusi-chui kwanza katika elimu ya wanyama ni Mwingereza mmoja, Edward Blyth. Alizaliwa London mwaka 1810. Alipokuwa kijana alishika kazi ya kuuza dawa, lakini moyo wake ulikuwa kwa ndege na wanyama, na duka halikustawi. Mwaka 1841 alikwenda Calcutta kuwa mtunzaji wa makumbusho ya Jumuiya ya Asia ya Bengal, akafanya kazi hiyo hata mwaka 1862. Mwaka 1854 alieleza habari za mjusi aliyetoka katika Milima ya Chumvi ya Punjab, mahali ambapo chumvi ya mawe huchimbwa mpaka leo, akampa jina la macularius, kwa ajili ya madoa yake. Baadaye aliwekwa katika jamii ya Eublepharis, jina lililotungwa na John Edward Gray mwaka 1827 kutokana na maneno ya Kiyunani, nalo linasifu zile kope zake.

Blyth huyo alikuwa akiandikiana barua na Charles Darwin. Darwin alitaka sana kujua habari za wanyama waliofugwa India, naye Blyth akampelekea habari nyingi. Darwin alizitumia katika kitabu chake cha mwaka 1859 juu ya asili ya viumbe, na tena katika kitabu cha mwaka 1868 juu ya wanyama na mimea iliyobadilika mikononi mwa binadamu. Hoja yake si ngumu kufahamu. Mfugaji humchagua mnyama ampendezaye, humzalisha, kisha huchagua tena katika watoto wake. Vizazi vikipita, hupatikana mnyama ambaye porini hakuwako. Blyth alifariki mwaka 1873. Hakuweza kujua kwamba mjusi yule aliyempa jina angekuja kuwa ushahidi wa hoja hiyo, tena ushahidi wa pande mbili, wa sifa na wa lawama.

Kwa zaidi ya miaka 100 mjusi-chui aliendelea na maisha yake chini ya mawe, na waliomjua nje ya nchi yake walikuwa wataalamu wachache. Mambo yalibadilika katika miaka ya 1960 na 1970. Biashara ya kusafirisha wanyama hai kwa ndege ilikuwa imekua, na mijusi-chui walikamatwa Pakistan wakapelekwa Ulaya na Marekani kuuzwa kwa watu waliopenda kufuga wanyama wa ajabu. Mnyama wa porini anayesafirishwa hivyo mara nyingi hufika amekonda, ana vimelea tumboni, na hofu imemzuia kula. Aliyemnunua hakujua joto alilolizoea, wala maficho anayoyahitaji. Hivyo ukurasa wa kwanza wa historia yake ya kufugwa ulikuwa ukurasa wa kuchukua tu.

Ndipo wafugaji wengine walipoanza kumsoma mnyama wao, na yeye akaonekana kuwa mwepesi wa kuzaa. Jike hutaga mayai mawili kwa mara moja, na katika msimu mmoja huweza kutaga mara kadhaa. Mama hayaatamii mayai yake. Yanachohitaji ni unyevu na joto, navyo mtu aweza kuviandaa ndani ya kijisanduku. Mtoto huanguliwa baada ya mwezi mmoja na zaidi, au hata miezi mitatu, kulingana na joto lenyewe, naye hutoka akiwa na mistari mipana, myeusi na ya manjano. Madoa ya chui huja baadaye. Anapokaribia mwaka mmoja huwa amekua. Akitunzwa vema huishi miaka 15 hata 20. Kwa sababu hizo, kabla karne ya 20 haijaisha, wengi wa mijusi-chui waliouzwa Ulaya na Marekani walikuwa wamezaliwa huko huko, wala hawakuwahi kuona jabali la Punjab.

Kazi hiyo ya kuzalisha iliambatana na ugunduzi mkubwa wa elimu, na chanzo cha ugunduzi huo kilikuwa Afrika. Zamani wataalamu walidhani kwamba kwa wanyama wenye uti wa mgongo, mtoto huwa dume au jike kwa sababu ya urithi wa baba na mama tu. Mwaka 1966, huko Dakar katika nchi ya Senegal, mtaalamu Mfaransa Madeleine Charnier alitangaza jambo la kushangaza. Alikuwa akichunguza mayai ya mjusi aitwaye Agama agama, jamaa ya wale mijusi wetu wa mawe ambao madume yao huwa na vichwa vyekundu. Aliona kwamba mayai yaliyowekwa katika joto dogo yalitoa majike, na yaliyowekwa katika joto kubwa yalitoa madume. Watu wachache walimsikiliza wakati ule.

Mwaka 1980 ilichapishwa taarifa ya Mmarekani aitwaye Wagner kwamba mjusi-chui naye ana tabia kama hiyo. Uchunguzi ukaendelea, na kufikia mwaka 1993 jambo lilikuwa wazi. Mayai yakiwekwa katika nyuzi 26 za sentigredi, hutoka majike. Yakiwekwa katika nyuzi 32 na nusu, wengi wa watoto huwa madume. Joto likipandishwa mpaka nyuzi 34 au 35, majike hurudi tena kuwa wengi. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Texas walionyesha pia kwamba jike aliyetokana na yai la joto kubwa huwa mkali kuliko jike wa yai la joto dogo. Mjusi wa kutazamwa tu akawa mwalimu. Katika siku hizi ambapo joto la dunia linapanda, elimu hiyo inawahusu hata kasa wa pwani yetu, kwa maana jinsia ya watoto wao nayo huamuliwa na joto la mchanga.

Basi mfugaji sasa alikuwa na uwezo mkubwa kupita kiasi. Aliweza kuchagua wazazi, na kwa kugeuza kipimo cha joto aliweza kuamua apate madume wangapi na majike wangapi. Uwezo huo aliutumia kwa nini? Aliutumia kwa rangi. Kwanza walichaguliwa wenye manjano mengi na madoa machache. Kisha, katika miaka ya 1990, walitokea wasio na madoa kabisa, na wengine wasio na rangi nyeusi mwilini. Kila rangi mpya ilipewa jina lake na bei yake. Mjusi wa kawaida akawa rahisi kununuliwa, lakini wa rangi ngeni, ambaye hajapata kuonekana, aliuzwa kwa fedha nyingi.

Wahenga wetu walisema, kipya kinyemi, ingawa kidonda. Sijui kama yuko mnyama anayeithibitisha methali hiyo kuliko mjusi-chui. Katika miaka ya 2000 ilipatikana aina moja yenye madoa ya kupendeza iliyoitwa Enigma. Wengi wa aina hiyo walionekana wakizunguka mahali pamoja, wakiinamisha kichwa upande mmoja, na wakikosa shabaha walipomrukia mdudu wa kula. Uzuri ulikuwa juu ya ngozi, na ugonjwa ulikuwa katika mishipa ya fahamu.

Baada ya hapo ilikuja habari kubwa zaidi. Katika mabanda ya mfugaji mmoja wa Marekani alipatikana mjusi dume mwenye rangi ambayo haijapata kuonekana. Mwili wake ulikuwa mweupe wa kung'aa, na juu yake manjano ya limau. Aina hiyo iliitwa Lemon Frost, na kuanzia mwaka 2015 watoto wa dume huyo walizalishwa kwa wingi. Muda si mrefu uvimbe mweupe ukaanza kutokea chini ya ngozi zao. Mfugaji akakoma kuwazalisha, akawapa wataalamu wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, sampuli za mijusi wake ili wachunguze. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Iligunduliwa kwamba badiliko lililoleta rangi ile liko karibu na jeni moja iitwayo SPINT1, jeni ambayo kwa binadamu pia inahusiana na saratani ya ngozi. Zaidi ya asilimia 80 ya mijusi wa aina ile walipata uvimbe kati ya miezi sita na miaka mitano ya maisha yao. Chembe zile zile zilizorudisha mwanga na kuifanya ngozi ing'ae ndizo zilizozidi kuongezeka zikawa ugonjwa. Watu walikuwa wamenunua uvimbe wakidhani wamenunua rangi.

Tusimhukumu mfugaji yule kwa haraka. Hakujua mwanzoni, na alipojua aliacha, tena akafungua mlango wake kwa wachunguzi. Wa kulaumiwa ni yule ambaye habari imekwisha kumfikia, naye akaendelea kuzalisha na kuuza kwa sababu wanunuzi bado wapo. Mnunuzi naye hana udhuru. Pasipo mwenye kulipa, hapana mwenye kuzalisha.

Huenda sasa mtu akasema kwamba ni afadhali pangekuwa hapana kuzalisha kabisa, na mijusi wote wakachukuliwa porini kama zamani. Ili tuone kosa la shauri hilo, na tuiache Asia kidogo tuje Tanzania, karibu na Morogoro, chini ya Milima ya Uluguru. Hapo upo msitu mdogo uitwao Kimboza. Katika msitu huo anaishi mjusi mdogo ambaye dume lake ni la buluu ing'aayo. Aliandikwa na mtaalamu Arthur Loveridge mwaka 1952, akaitwa Lygodactylus williamsi. Hukaa juu ya miti ya jamii ya mkadi, na dunia nzima makao yake ni huko Kimboza na vipande vichache vya msitu vya jirani. Rangi yake ilipojulikana ng'ambo, wakusanyaji waliingia msituni. Mara nyingine waliikata miti yenyewe ili wawapate mijusi juu yake. Watafiti walikadiria kwamba kati ya Desemba 2004 na Julai 2009 kundi moja tu la wakusanyaji lilichukua zaidi ya mijusi 32,000. Mwaka 2016 serikali ya Tanzania ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje, na katika mwaka huo huo mataifa yaliyokutana Johannesburg yalikubaliana kukataza biashara ya kimataifa ya mjusi huyo anayekamatwa porini. Mti uliokatwa, hata hivyo, haurudi kwa kupigiwa kura.

Kwa hiyo njia zote mbili zina hatari yake. Anayechukua porini hulimaliza pori. Anayezalisha nyumbani huliacha pori salama, lakini humshika mnyama kwa namna nyingine, maana anakuwa mwenye kuamua si chakula chake tu, bali na mwili atakaozaliwa nao. Mamlaka hayo ni makubwa kuliko ya mwindaji. Mwindaji hukutana na mnyama mmoja siku moja. Mfugaji humtawala huyo pamoja na kizazi chake chote.

Wajibu wa kila siku unajulikana vema leo. Mjusi-chui huwekwa katika sanduku la kioo lenye upande wa joto, kiasi cha nyuzi 31 hadi 33 sakafuni, na upande wa ubaridi, ili achague mwenyewe. Hupewa maficho, na moja kati ya hayo liwe na unyevu, ngozi yake ipate kubambuka vizuri. Hula wadudu walio hai, nao hunyunyiziwa unga wa kalsiamu, kwa sababu akiukosa mifupa yake hulegea na kupinda. Madume mawili hayawekwi pamoja, kwa kuwa yatapigana. Atunzaye hivyo ajue amejifunga kwa miaka 15 au 20. Mwanafunzi aliye kidato cha kwanza akimtwaa leo, huenda akawa bado anamlisha siku atakapompeleka mtoto wake mwenyewe shuleni.

Nchini Kenya jambo hili lina upande wa sheria vilevile. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu mtu kumshika mnyama wa porini na kumweka nyumbani bila kibali. Lakini hakuna sheria inayomzuia kijana kukaa jioni akimtazama mjusi wa ukutani akivizia nondo, na kuandika katika daftari saa atokayo, chakula alacho, na mahali atagapo. Blyth alianza kwa kutazama vivyo hivyo.

Hatukumwona mbuzi wa kwanza alipofungwa kamba, wala hatukusikia alivyolia. Mjusi-chui tumemwona tangu alipotolewa chini ya jiwe hata alipogeuzwa rangi, na yaliyompata yameandikwa pamoja na miaka yake. Vizazi vijavyo vitakapoisoma habari hiyo, havitaweza kusema juu yetu kwamba hatukujua.